Gari Lililotumika kama Hati: Historia Fupi ya Imani Yetu katika Magari ya Dizeli

Mwezi Machi mwaka huu mama alinipigia simu kutoka Kabale. Kikundi chao cha akiba, wanawake 14 wanaolima viazi na kuuza maziwa, kilikuwa kimekusanya fedha kwa miaka mitano. Sasa walitaka kununua gari la dizeli lililotumika, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, lile ambalo mafundi huliita fowili. Lengo lao lilikuwa kulikodisha kwa waongoza watalii wanaokwenda kuona gorila katika msitu wa Bwindi. Dalali alikuwa amewaonyesha picha za Toyota Land Cruiser Prado iliyoko Kampala. Mama akasema, "Wewe ndiye uliye huko, tena unasoma. Nenda utuambie kama gari hili ni zima."

Nilimjibu kwamba mimi nasoma Kiswahili na historia, si ufundi wa magari. Akacheka. "Historia si mambo ya zamani, mwanangu? Na gari lenyewe ni la zamani."

Jibu hilo ndilo chanzo cha insha hii. Nataka kuonyesha kwamba swali la mama, yaani "gari hili ni zima?", lina historia yake katika nchi yetu ya Uganda. Kila zama zimeweka imani mahali pake: kwanza kwa mwenye gari, kisha kwa fundi, kisha kwa karatasi, na sasa kwa kompyuta. Mtu anayenunua gari lililotumika leo amerithi imani hizo zote nne, na kila moja inaweza kumdanganya.

Kwanza inafaa kujua dizeli ni nini, maana dalili nyingi za uzima na ubovu wa injini zinatoka hapo. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani, alipata hati miliki ya wazo lake mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1897 injini yake ya majaribio ilifanya kazi vizuri mjini Augsburg. Wazo lilikuwa hili: badala ya kuwasha mafuta kwa cheche kama injini ya petroli, hewa ibanwe ndani ya silinda mpaka iwe moto sana, kisha mafuta yanyunyiziwe humo yawake yenyewe. Kwa hiyo injini ya dizeli inategemea mambo mawili makubwa, kubana hewa na kunyunyiza mafuta. Ikishindwa kubana kwa sababu ya ringi kuchakaa au silinda hedi kupasuka, imekwisha. Ikishindwa kunyunyiza kwa kipimo, inakula mafuta, inatoa moshi, na mwishowe inajiua.

Zama za kwanza ni za Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na injini ya dizeli ikaongezwa mwaka 1957. Katika wilaya ya Kigezi, ambayo makao yake makuu yalikuwa Kabale, Land Rover lilikuwa gari la serikali: la bwana shamba, la hospitali, la ujenzi wa barabara. Babu yangu alikuwa taniboi kwenye gari la namna hiyo kabla ya uhuru. Alinisimulia kwamba siku hizo hakuna mtu wa kawaida aliyeuliza kama gari ni zima, kwa kuwa hakuna mtu wa kawaida aliyelinunua. Gari lilikuwa na karakana yake, dereva wake na daftari lake la safari. Lilipouzwa kwa mnada wa serikali, mnunuzi alijua lilikotoka. Aliangalia jina la idara kwenye mlango na kumuuliza dereva, na hapo uchunguzi ukaisha. Ukimwamini mwenye gari, umeliamini gari.

Imani hiyo ilivunjika mwaka 1972. Mwezi Agosti mwaka huo Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini. Tunapofundishwa tukio hilo huwa tunataja maduka na viwanda vya sukari, lakini kwa historia ya magari pigo lilikuwa kubwa vilevile. Sehemu kubwa ya biashara ya magari, karakana na maduka ya vipuri ilikuwa mikononi mwa waliofukuzwa. Waliogawiwa maduka hayo waliuza kilichokuwemo, kisha rafu zikabaki tupu. Fedha za kigeni zikakosekana, na uchumi wa magendo ukachukua nafasi ya uchumi wa kawaida. Babu alisema ringi za pistoni zilisafirishwa ndani ya magunia ya maharage.

Hapo ndipo maana ya gari zima ilipobadilika. Gari zima halikuwa tena gari lisiloharibika. Lilikuwa gari ambalo fundi aliye chini ya mwembe anaweza kulifufua kwa kipuri cha gari jingine. Dizeli ya zamani ililingana na hali hiyo. Haina plagi za cheche. Pampu yake ni chuma kitupu, na ikishawaka inaweza kuendelea kunguruma hata betri ikifa. Mafundi wetu wakawa ndio mahakama. Vidole vyao na masikio yao ndivyo vilivyotoa hukumu: kuonja oili, kusikiliza mlio, kutazama rangi ya moshi. Mambo mengi ninayoandika hapa chini yalizaliwa katika miaka hiyo ya shida.

Zama za tatu zilianza baada ya vita kupungua na serikali mpya kushika madaraka mwaka 1986. Mashirika ya misaada yaliingia na magari meupe, na wakubwa wa serikali wakaingia na Mitsubishi Pajero, gari lililoanza kutengenezwa mwaka 1982 na kupata sifa katika mashindano ya Paris–Dakar. Jirani zetu Watanzania waliyapa magari makubwa ya wakubwa jina la shangingi, neno ambalo awali lilimhusu mwanamke mjanja anayependa makuu. Nadhani neno hilo linaeleza jambo ambalo vitabu vya uchumi haviwezi: gari lilikuwa pambo la mamlaka kabla ya kuwa chombo cha kazi. Mwaka 1990 serikali iliruhusu maduka ya kubadilisha fedha za kigeni, na mfanyabiashara yeyote mwenye dola akaweza kuagiza gari lililotumika kutoka Japani, moja kwa moja au kupitia Dubai, likashuka Mombasa na kupanda kwa barabara mpaka Kampala.

Kwa nini Japani? Kwanza, wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi. Pili, sheria yao inataka gari la binafsi likaguliwe likifika miaka mitatu na baadaye kila miaka miwili. Ukaguzi huo, uitwao shaken, ni ghali, na wenye magari wengi huona afadhali kuuza. Tatu, kuna sababu ambayo wanunuzi wa kwetu hawaijui. Mwaka 2001 Japani ilikaza sheria yake ya moshi wa magari katika maeneo ya miji mikubwa, na safari hii hata magari madogo ya dizeli yakaguswa. Mtu wa Tokyo au Osaka aliyekuwa na Prado ya dizeli ya zamani hakuweza kuendelea kulisajili, hata kama lilikuwa zima kabisa. Magari ya aina hiyo yalilazimika kutafuta nchi nyingine. Baraka tuliyoiona kwenye yadi za Kampala ilikuwa moshi ambao Tokyo haikuutaka.

Magari hayo yalikuja na karatasi, na imani ikahamia huko. Kuna cheti cha kusafirisha gari nje, chenye nambari ya chasi na kilomita zilizosomwa. Kuna karatasi ya mnada, yenye alama za daraja na mchoro wa bodi: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, S ni kutu, XX ni sehemu iliyobadilishwa, na daraja R ni gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Karatasi hiyo ni hazina kwa anayejua kuisoma. Lakini imeandikwa kwa Kijapani, mnunuzi wa Kabale hawezi kuisoma, na dalali anajua hivyo.

Zama za nne ni za kompyuta. Injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyotoka mwaka 1990, ina silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na pampu yake ni ya kawaida. Ndiyo maana mashirika ya misaada yaliipenda. Ile ya 1KZ-TE, iliyofuata mwaka 1993, ina lita tatu na tabo, na pampu yake tayari inaongozwa na umeme. Nguvu zake ni nzuri, lakini ikichemka silinda hedi hupasuka, na katika milima yetu kuchemka si jambo la ajabu. Mwaka 2000 ikaja 1KD-FTV, ambayo mafuta yake hukaa kwenye bomba moja la pamoja kwa shinikizo linalozidi mara 1,000 lile la hewa, na kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini. Inakwenda kimya, ina nguvu na haili mafuta mengi. Lakini nozeli zake hazitaki mafuta machafu, na fundi wa chini ya mwembe hawezi kuzipima kwa sikio.

Injini hiyo ya mwisho ina maana yake katika familia yetu. Mwaka 2016 mjomba wangu aliuza sehemu ya shamba la babu akanunua Prado yenye 1KD. Injini ilikuwa imeoshwa ikang'aa kama sufuria mpya. Baada ya miezi mitano, akiwa anapanda mlima, taa ya oili iliwaka, na kabla hajasimama injini ikakaza. Fundi alipofungua sampu alikuta chujio la oili limezibwa na masizi mazito kama lami. Washa ndogo za shaba zilizo chini ya nozeli zilikuwa zimevuja kwa muda mrefu, moto wa silinda ukawa unachoma oili taratibu. Ubovu huo unajulikana na mafundi katika nchi nyingi, na washa hizo si ghali. Shamba halikurudi. Mjomba hadi leo hapendi kulizungumzia, na mama aliponituma Kampala najua alikuwa anafikiria jambo hilo ingawa hakulitaja.

Nilikwenda kuliona gari nikiwa na fundi mzee ambaye karakana yake iko karibu na soko la vipuri la Kisekka. Njiani nilikumbuka somo la mbinu za utafiti. Tunafundishwa kwamba hati ya kihistoria huulizwa maswali ya aina mbili. Kwanza, je, ni hati halisi, imetoka wapi, na nani aliitunza? Pili, je, yaliyomo yanakubaliana yenyewe kwa yenyewe na yanayojulikana kutoka kwingine? Niliamua kuliuliza gari maswali hayohayo.

Dalali alisema gari limetengenezwa 2008, limetoka Japani moja kwa moja, na hapa Uganda limekuwa na mwenye mmoja tu. Mita ilionyesha kilomita 98,000. Alikuwa na karatasi ya mnada ya Kijapani yenye daraja nzuri.

Swali la kwanza lilijibiwa na historia kabla ya kufungua boneti. Toyota iliacha kuuza Prado za dizeli nchini Japani mwaka 2007, ikazirudisha mwaka 2015. Prado ya dizeli ya 2008 inaweza kuwa halisi kabisa, lakini haikuuzwa mpya Japani. Nilimwomba fundi anionyeshe nambari ya chasi. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huwa na nambari fupi: herufi za aina ya gari, kistari, kisha tarakimu za mfululizo. Hili lilikuwa na nambari ndefu ya herufi na tarakimu 17, iliyoanza na JT. Maana yake lilitengenezwa Japani kwa ajili ya kuuzwa nchi nyingine. Kwa hiyo ile karatasi nzuri ya mnada ilikuwa ya gari jingine.

Fundi alilala chini kwenye kadibodi. Chasi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mpya. Akagonga kwa bisibisi, na magamba ya kutu yakaanguka. "Hili limekula chumvi," alisema. Chumvi hiyo si ya bahari. Uingereza na nchi nyingine za baridi hunyunyiza chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hula chuma kutoka chini. Usukani ulikuwa upande wa kulia, kwa hiyo tulihisi limetoka Uingereza au Ireland. Lakini huko Uingereza magari husomwa kwa maili, na mita iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya kilomita tupu. Fundi alinionyesha skrubu za dashibodi, vichwa vyake vimekwaruzwa. Zile kilomita 98,000 huenda ni za kweli, ila zilitembelewa na mita hiyo ikiwa kwenye gari jingine.

Baada ya hapo tuliendelea kwa ajili ya kujifunza tu. Boneti ilikuwa ya moto tulipofika. Injini ilishawashwa mapema, kwa sababu dizeli iliyochoka hujifichua ikiwa baridi: inachelewa kushika, inatetemeka, na kutoa moshi mweupe wa mafuta yasiyoungua. Tulisubiri saa mbili na nusu ipoe huku dalali akituambia wateja wengine wanakuja. Ilipowashwa tena ilitoa moshi mweupe kwa muda mrefu. Fundi alifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, na pumzi ikatoka kwa nguvu ya kukisukuma kifuniko, dalili ya hewa kuvuja kutoka kwenye silinda. Chini ya kifuniko kulikuwa na masizi yaleyale mazito niliyoyaona mwaka 2016.

Fundi alinifundisha na mengine ambayo gari hilo halikuhitaji tena kuonyesha. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweusi usiokoma ni mafuta kuzidi hewa, labda nozeli au tabo. Mapovu ndani ya rejeta injini ikiwashwa, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa, ni silinda hedi au gasketi. Gia ya chini ya fowili lazima iingizwe na gari liendeshwe, kwa kuwa watu wengi huinunua bila kuijaribu hata mara moja. Na mkanda wa taimingi, kama hakuna ushahidi wa lini ulibadilishwa, uhesabu kwamba haujabadilishwa.

Nilipompigia mama simu hakufurahi. Msimu wa watalii ulikuwa unakaribia, na wanawake wenzake walikuwa wameshapanga. Mmoja wao aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hakuna gari lisilo na kasoro. Ukingoja malaika utatembea kwa miguu." Alikuwa na haki. Tangu mwaka 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo fowili ambazo kikundi kama chao kinazimudu ni zile zilizokwisha kuzunguka nchini miaka mingi. Tatizo la gari lile halikuwa kasoro zake. Lilikuwa gari ambalo historia yake yote ilikuwa imeazimwa.

Mwezi Mei walinunua jingine, kuukuu kuliko lile. Ni Prado ya mwaka 1998 yenye injini ya 1KZ-TE, mali ya mwalimu mstaafu wa hapohapo Kabale. Kilomita zake zilikuwa zimepita 310,000, na bodi ina mbonyeo mlangoni. Lakini mwalimu alikuwa na madaftari mawili ya shule ambamo aliandika kila mara alipobadilisha oili, chujio na mkanda, pamoja na tarehe na kilomita. Kwenye ukurasa mmoja wa mwaka 2014 ameandika kwamba gari lilichemka, silinda hedi ikapasuka, akanunua mpya, na bei aliyolipa. Asingeandika hivyo kama nia yake ilikuwa kumdanganya mnunuzi, kwa sababu siku hiyo hakuwa na mpango wa kuuza. Tunafundishwa kuamini zaidi ushahidi ulioandikwa bila kumlenga msomaji wa baadaye. Fundi wetu alisafiri hadi Kabale, akaliwasha likiwa baridi asubuhi na mapema, na injini ikakubaliana na daftari.

Kwa kumalizia, nimeona kwamba zama hizi zote hazikufutana. Tulihitaji mwenye gari anayejulikana kama enzi za babu, masikio ya fundi kama enzi za magendo, karatasi kama enzi za Japani, na uelewa wa injini kama enzi za kompyuta. Mwongo hupenda uamini kimoja tu kati ya hivyo.

Gari sasa linapanda Ruhija mara mbili au tatu kwa wiki. Dereva anasema mama alipopanda kwa mara ya kwanza hakutazama msitu wala mabonde. Njia nzima macho yake yalikuwa kwenye mshale wa joto. Na usiku, waliporudi, alifungua daftari la tatu akaandika kilomita.